Taa moja zaidi kwenye boti: betri itafika alfajiri?

Saa kumi na nusu usiku, kaskazini ya Unguja, mjomba alipiga stata ya mashine ikajibu kwa mlio mmoja: tik. Akapiga tena. Tik. Taa za kuvutia dagaa zilikuwa bado zinawaka, ingawa mwanga wake ulikuwa umepungua. Skrini ya GPS ilikuwa inatuonyesha mahali tulipo. Spika ilikuwa inaimba. Kila kitu botini kilikuwa na umeme isipokuwa mashine, na mashine ndiyo ya kutufikisha nyumbani.

"Betri mpya hii," akasema. "Haijatimiza miezi minne. Mwanangu, si ulisema itatosha?"

Nilisema, kweli. Wiki ileile nilikuwa nimemfungia taa nne za LED, na nilipoulizwa kuhusu betri nilijibu kama wengi wanavyojibu: LED hazili umeme. Tukafungua kifuniko cha mashine, tukaizungusha kwa kamba mpaka mikono ikachubuka, ikawaka. Bahari ilikuwa shwari usiku ule. Ingekuwa kusi imepamba, sijui ningeandika nini hapa.

Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla ya kushika kalamu. Na nimeona mafundi na manahodha wengi wakikwama palepale nilipokwama mimi. Hesabu yenyewe si ngumu: ni kugawanya, kuzidisha na kujumlisha. Tabu ni kwamba tunakipima kifaa kwa macho. Hiki kidogo, hakili kitu. Kile kikubwa, kitamaliza betri. Betri haina habari na ukubwa wa kifaa. Inachojua ni kifaa kinavuta kiasi gani, na kwa saa ngapi. Saa ndizo tunazozisahau.

Nahodha yeyote anajua mashine yake inakunywa lita ngapi kwa saa, na tangi lake linachukua lita ngapi. Umeme uko vivyo hivyo. Ampea ni unywaji: kifaa kinavuta kwa kasi gani sasa hivi. Ampea-saa, ile AH iliyoandikwa ubavuni mwa betri, ni ujazo wa tangi. Kifaa kinachovuta ampea 2 kikikaa saa 5, kimekunywa ampea-saa 10. Kama kifaa kimeandikwa wati badala ya ampea, gawa wati kwa volti za betri. Taa ya wati 20 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 1.7 hivi.

Kuna jambo moja tu ambalo tangi la petroli halina. Petroli unaweza kuinywa mpaka tone la mwisho na tangi lisidhurike. Betri ya maji ya kawaida, ile ya risasi na tindikali, haitaki kufikishwa chini. Ukiizoesha kumalizika, sahani zake za ndani zinaganda salfeti, chumvi ngumu ya risasi, na kupukutika, na baada ya miezi michache ile namba ya kwenye kibandiko inabaki kuwa maandishi tu. Betri za kuwashia injini ndizo dhaifu zaidi kwa hili, maana sahani zake ni nyembamba. Zimetengenezwa zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha zirudishiwe chaji mara moja. Kwa hiyo mimi huchukua nusu. Betri ya N70 ina ampea-saa 70 kwenye kibandiko. Kwenye daftari langu ina 35.

Hata hiyo 70 ina masharti yake. Kwa kawaida kiwanda huipima betri kwa kuivuta taratibu kwa saa 20, yaani ampea 3.5 tu, mpaka volti zishuke kufika 10.5. Ukiivuta kwa kasi zaidi, haikupi zote. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1897, na halijabadilika: betri ileile ya 70 ukiivuta ampea 7 badala ya 3.5, utapata kama 60 hivi kabla haijakata. Ukiivuta haraka maradufu, muda wake haugawiki mara mbili tu, unapungua zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu hufunga taa ya pili, akategemea nusu ya muda wa zamani, akakuta hata nusu haifiki.

Sasa niuandike usiku wa mjomba kama nilivyopaswa kuuandika kabla hatujatoka. Boti ni ya fiber, futi 28, mashine ina stata, betri ni moja tu ya N70 kwa kila kitu. Tunatoka saa kumi na moja jioni, tunarudi saa kumi na mbili asubuhi. Saa 13.

Taa nyeupe ya juu ilikuwa na balbu ya zamani ya wati 10: ampea 0.83, inawaka saa 11, inakula ampea-saa 9.2. GPS yenye kifaa cha kuonea samaki chini inavuta ampea 0.8, na hakuna anayeizima kuanzia bandarini mpaka bandarini: 10.4. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ikisikiliza tu inavuta ampea 0.4, jumla 5.2. Ukibonyeza kuzungumza kwa nguvu yake yote ya wati 25, inaruka kufika ampea 5 na zaidi, lakini kwa usiku mzima tunazungumza dakika sita tukizijumlisha, na hizo ni kama nusu ya ampea-saa moja. Spika ya muziki, ampea 1 kwa saa 6: 6. Simu nne kuchajiwa kutoka sifuri: kama 6. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayoingia botini, inavuta ampea 3, inafanya kazi dakika tano katika kila saa: 3.3. Na zile taa nne za LED, wati 20 kila moja, wati 80 kwa pamoja: ampea 6.7, kwa saa 7 za kuvutia dagaa, 46.9.

Jumlisha. Ni ampea-saa 87 na nusu hivi. Tulikuwa na 35 za kutumia kwa amani, na 70 kama tungeamua kuiua betri. Haikuwa betri mbovu. Ilifanya kazi kupita uwezo wake.

Ukitoa taa za dagaa zote nne, bado inabaki 40 na ushei. Yaani boti ile ilikuwa imeshapita nusu ya betri kabla sijafunga chochote; ilikuwa inanusurika kwa sababu siku nyingine walirudi mapema, na mashine ilikuwa inarudisha kidogo njiani. Taa zangu hazikuanzisha tatizo, zililifichua. Hili nimelikuta kwenye boti nyingi. Mtu huja na swali la kifaa kipya, na jibu liko kwenye vile vya zamani.

Tazama tena namba za redio na GPS. Redio ukiibonyeza inavuta mara sita au saba ya GPS, na mtu aliyeshika mita atatishika. Ila mwisho wa usiku GPS imekula ampea-saa 10 na kuzungumza kote kumekula nusu moja. Balbu ya taa nyeupe, ambayo hakuna aliyekuwa anaifikiria, ilikula kuliko simu za watu wanne.

Stata inashangaza kuliko vyote. Mashine ya ukubwa ule ikipigwa inaweza kuvuta ampea 150 kwa sekunde tatu. Ni nyingi mno, mpaka waya wake ni mnene kama kidole. Lakini sekunde tatu ni saa ngapi? Ukigawa, kuiwasha mashine kumekula ampea-saa 0.125. Ile balbu ya wati 10 inakula kiasi hicho kwa dakika tisa. Kwa nini basi ilikataa wakati betri bado ilikuwa na moto wa kuwasha taa? Kwa sababu mashine haidai wingi, inadai nguvu ya ghafla, na betri iliyoliwa zaidi ya nusu yake haiwezi kuitoa ile ampea 150 bila volti kuanguka. Sumaku ya stata inajaribu kushika, volti zinadondoka, inaachia. Ile tik ndiyo sauti yake. Taa ya LED haina shida, itawaka hata volti zikishuka kufika 10 na chini ya hapo. Kwa hiyo usiamini kwamba betri iko salama eti kwa sababu taa zinawaka. Taa zitakuwa za mwisho kukuambia.

Hapo ndipo linapotoka jambo ambalo silipunguzi bei kwa mteja yeyote: betri ya kuwashia mashine isishirikiane na kitu kingine. Vifaa viwe na betri yao. Kati ya betri hizo mbili weka swichi ya kuchagulia, ili siku ya shida uweze kuziunganisha kwa makusudi, lakini usiku wa kawaida hata taa zikiimaliza betri yao, ya mashine iko kamili.

Betri ya vifaa iwe na ukubwa gani? Kwanza punguza, kisha ndipo ununue. Kwa mjomba nilitoa ile balbu nikaweka ya LED ya wati 2, na zaidi ya ampea-saa 7 zikarudi kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini. Muziki niliuacha. Watu wanaokesha wakivuta nyavu wanauhitaji. Nikafika 80. Nikaongeza robo yake, kwa sababu kuna usiku samaki wanachelewa kupanda na taa zinawaka kwa muda wa saa tisa badala ya saba: 100. Nikazidisha mara mbili, kwa ile kanuni ya nusu: 200. Ndiyo betri mbili za sola za ampea-saa 100, zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zina uzito wa kilo 30 hivi kila moja, kwa hiyo zimekaa chini, karibu na katikati ya boti, zimebanwa kwa mkanda, ndani ya kasha lenye tundu la hewa, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Fyuzi iko karibu kabisa na betri, si kule mwisho kwenye taa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu betri za lithiamu. Ni nzuri: nyepesi, na kati ya 100 unatumia 80 au 90 bila kuiumiza, kwa hiyo kwa mjomba ingetosha ya 125 hivi. Bei yake ni nyingine, na chaja ya betri ya maji au chaji ya mashine usiziunganishe nayo kienyeji kabla hujajua inakubali nini. Tena volti zake hukaa karibu na 13 kwa muda mwingi wa safari yake, kwa hiyo mita haikwambii imebaki ngapi.

Namba nilizozitaja ni za vifaa vile. Za kwako zipime. Mafundi wengi wana ile mita ya kubana waya, lakini kabla hujainunua hakikisha inapima umeme wa betri. Nyingi za bei ya chini zinapima ampea za umeme wa nyumbani tu, na kwenye waya wa betri zitakuonyesha sifuri. Mita ya kawaida ya mkononi inaweza kupima ikikatizwa katikati ya waya, ila nyingi mwisho wake ni ampea 10. Usiipeleke kwenye stata. Washa kifaa kimoja, andika, zima, washa kingine. Kifaa kilichoandikwa wati 20 nimewahi kukikuta kinavuta 12, na kingine 26.

Kisha zima vyote, upime tena. Hapa ndipo utakapokutana na mla-betri asiyejulikana. Kichaji cha simu cha kudumu chenye taa ndogo ya buluu, redio inayokumbuka saa, sehemu ya waya iliyolowa chumvi: vyote pamoja vinaweza kuvuta ampea 0.1, na ampea 0.1 haimtishi mtu. Lakini boti za dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa zetu hazivuti samaki. Siku nane za mapumziko ni saa 192. Mara 0.1, ni ampea-saa 19 zimekwenda na boti haijasogea. Na kama betri ililazwa ikiwa nusu, inaganda salfeti siku zote hizo. Chaji siku unayorudi, usingoje siku unayotoka.

Invata nayo niiseme. Watu huifunga ili watumie balbu na chaja za nyumbani. Inageuza volti 12 kuwa 220, na katika kugeuza inapoteza kama asilimia 10 hadi 15. Kisha chaja ya simu inazishusha zile 220 kuwa 5, inapoteza tena. Hata isipowashiwa chochote, invata ya kawaida inaweza kuvuta nusu ampea kwa ajili yake mwenyewe. Kwa saa 13 ni 6.5, zaidi ya simu nne zote. Nunua chaja ya volti 12 na taa za volti 12, uiache invata nyumbani.

Waya nao unakula. Kutoka kwenye betri mpaka taa za mjomba ni mita 6, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Nilikuwa nimetumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani. Kwa ampea 6.7 unapoteza karibu volti 1 nzima njiani. Betri ina 12.2, taa inaona 11.2. Wa milimita 6 unapoteza robo ya volti tu. Nahodha anayeona taa zimefifia huilaumu betri, ananunua nyingine, na taa zinafifia vilevile. Kama unaweza, nunua waya uliopakwa bati. Shaba tupu kwa chumvi ya kwetu inageuka kijani ndani ya plastiki yake bila wewe kuona.

Upande wa kurudisha ndio wengi hawaupigii hesabu kabisa. Mashine ya mjomba ikikimbia inatoa ampea 6 hivi, na ikienda polepole inatoa kidogo mno. Safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi ni 18, kwa bahati nzuri. Na betri ya risasi hairudishi kila unachoipa: ukitumia 80 itakubidi uirudishie 95 hivi. Kuna mashine ndogo zina koili ya taa tu isiyo na kigeuzi cha kuchajia betri, mtu anaamini inachaji kumbe haichaji. Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua la pwani inarudisha ampea-saa 25 hadi 30 siku nzuri, na masika inapungua sana. Hata kivuli cha kamba kinachokatiza paneli kinashusha umeme wake kuliko upana wa kivuli chenyewe. Kwa hiyo mjomba ana paneli mbili za wati 100, mashine inaongeza kidogo, na upungufu unajazwa kwa chaja ya nchi kavu.

Kujua kama imejaa, pima volti betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Kwa betri ya maji, 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 imekaribia kwisha. Ukipima mara tu baada ya kutoa chaja utaona 13 na kitu, zisikudanganye, subiri.

Nimebakiza hesabu moja, na hii siifanyi kwa kalamu nyepesi. Hesabu ya usiku wa kawaida inaipa pampu ya ngama dakika tano kwa saa. Ukipata ufa, pampu haitapumzika. Ampea 3 bila kukoma ni 3 kila saa, na wakati huohuo utahitaji redio kuita kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, ukibonyeza na kubonyeza, na taa ili uonekane. Kwa saa sita ni kama ampea-saa 25. Hizo ziwepo hata saa kumi alfajiri, baada ya dagaa, muziki na simu kula zote walizokula. Pampu ifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa fyuzi yake, pamoja na swichi ya boya inayoinuka maji yakijaa, ili hata mtu akizima swichi kuu kwa kusahau pampu isife. Na upo wa kufulia maji usiondoke botini, uwe na pampu usiwe nayo.

Kwenye boti ya mjomba, ndani ya kifuniko cha kasha la betri, nimeandika kwa kalamu isiyofutika kila kifaa, ampea zake, saa zake, na jumla. Mwezi uliopita alitaka friji ndogo ya volti 12 kwa ajili ya chambo. Kompresa yake inavuta ampea 4.5, na kwa joto letu inakimbia nusu ya muda au zaidi. Tukafungua kifuniko. Akaizidisha mwenyewe: 2.25 mara 13, ikaja 29. Akatazama jumla iliyokuwa juu yake, akatazama ile 100, akarudisha kifuniko.

"Leo tutachukua barafu," akasema.